Picha 360 za kutupa: nilivyojifunza kurekebisha picha za zamani kabla ya kuzisafisha

Mama alipofariki alituachia nyumba ya Ngamiani, Tanga, sanduku moja la nguo na mkebe wa biskuti uliojaa picha. Nyumba iligawika bila maneno. Mkebe ndio uliotaka kututoa macho. Tuko sita, na kila mmoja ana picha anayoapa kwamba mama alimwahidi yeye. Kaka mkubwa akakata shauri: picha zote ziskaniwe, zichaguliwe 60, kila mtu apate albamu yake, na mkebe wenyewe ukakae kwa mama mkubwa Pangani. Kazi akanitupia mimi kwa sababu, eti, nashinda kwenye kompyuta.

Mimi ni mhasibu. Kompyuta kwangu ni safu za tarakimu. Nilidhani kazi hii ni ya wiki mbili. Ilinichukua miezi mitano, na shilingi 216,000 zikaenda na maji. Nimeandika haya kwa sababu nyumba nyingi zina mkebe kama wetu.

Kosa la kwanza lilikuwa pupa. Nilitumia mashine ya ofisini, ile ya kutoa kopi, jioni tatu mfululizo wenzangu wakishaondoka. Nilipanga picha nne nne kwenye kioo, nikaacha mashine ijirekebishie rangi yenyewe, nikahifadhi kwa JPEG. Picha 112 zikaisha, nikajipongeza. Nilipozikuza kwenye skrini ndipo nikaona kanzu ya baba imekuwa shuka jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, na buibui la bibi limekuwa shimo. Mashine ilikuwa imeng'arisha kila kitu kwa nguvu. Na kilichokatwa kwenye faili hakirudi. Ukipunguza mwangaza baadaye, pale palipokuwa peupe tupu panakuwa kijivu kitupu, mikunjo haionekani.

Nikaanza upya. Nilinunua skana iliyotumika kwa shilingi 150,000, na safari hii nilizima kila kitu kinachojiita marekebisho ya moja kwa moja. Nilitaka skana iniletee picha ilivyo, na ubaya wake wote. Niliskani kwa nukta 600 kwa inchi: picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, na kwa kuwa studio husafisha vizuri kwa nukta 300, unaweza kuikuza mara mbili kila upande bila kupasuka. Nilihifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa kitu, yenye biti 16 kwa kila rangi, yaani ngazi nyingi zaidi za rangi. Faili ni kubwa mno, lakini picha iliyopauka lazima uivute sana, na faili nyembamba ukiivuta inatoa michirizi kwenye anga na kwenye mashavu. Kioo nilikifuta kwa kitambaa cha miwani kila baada ya picha chache. Unywele mmoja uliobaki kwenye kioo ulinigharimu jioni nzima ya kuufuta kwenye picha 14.

Picha mbili zilikuwa zimegandana na kioo cha fremu kwa unyevu wa pwani. Usizibandue. Skani hivyo hivyo kupitia kioo. Mdogo wangu alijaribu kubandua ya tatu kwa kisu, na nusu ya sura ya babu imebaki kwenye kioo mpaka leo.

Halafu nikaanza kurekebisha, usiku, watoto wakishalala. Natumia GIMP, programu ya kurekebisha picha, haina malipo. Kila picha niliiona ina unjano unjano, kila picha nikaisukuma kidogo kuelekea samawati mpaka ikapendeza. Usiku kumi na nane nilifanya hivyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba laptopu yangu ikifika saa moja jioni inageuza skrini yake kuwa ya manjano, eti kulinda macho. Unjano ulikuwa wa skrini. Picha zenyewe hazikuwa na unjano ule.

Bila kujua hilo nikapeleka flashi studio moja mjini. Picha 60 mara nakala 6, shilingi 600 kila moja. Kijana wa pale aliniuliza, "Dada, tutoe moja kwanza uone?"

"Toa zote, nina haraka."

Nilizichukua kesho yake jioni, nikazifungulia nyumbani chini ya taa. Nilidhani taa ndiyo mbaya. Asubuhi nikazipeleka dirishani. Mama alikuwa na rangi tano tofauti katika picha tano za siku moja. Penye watu wengi waliovaa buibui nyuso zilikuwa zimepauka kama zimepakwa poda. Alipokaa kando ya baba mwenye kanzu, uso wake ulikuwa umezama gizani. Na juu ya zote, ubaridi wa samawati kama mwanga wa friji.

Nilirudi studio nimefura. Kijana hakupandisha sauti.

"Dada, mashine inajirekebisha yenyewe. Ikiona picha nyeusi inaongeza mwanga, ikiona nyeupe sana inapunguza. Watu wengi ndivyo wanavyotaka, watoke weupe weupe."

"Kwani haizimiki?"

"Inazimika. Hukusema."

Hakuwa na kosa. Mashine ile inapima wastani wa picha nzima. Haijui kwamba weusi ule ni buibui na ngozi za watu waliozaliwa nao. Inadhani mpiga picha alikosea, inamsaidia. Tangu siku hiyo kwenye kila bahasha naandika kwa herufi kubwa: SAFISHA KAMA ILIVYO, ZIMA MAREKEBISHO. Na namwambia kwa mdomo vilevile, maana bahasha hazisomwi.

Wiki mbili sikugusa kitu. Niliwadanganya ndugu zangu kwamba studio ina foleni.

Nilipotulia nilirudi na picha tano tu, nikalipa shilingi 3,000, marekebisho ya mashine yamezimwa. Zikatoka zote za giza. Hapo nusura nilie, lakini sasa angalau giza lilikuwa la aina moja kwa picha zote tano, na kosa la aina moja lina chanzo kimoja. Chanzo kilikuwa skrini yangu, niliyoizoea ikiwaka kwa nguvu zote. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumbani. Picha inayopendeza kwenye skrini kali ni picha ya giza, ila hujui.

Nilichofanya ni hiki, na hakina gharama. Saa nne asubuhi niliweka meza karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja, nikasimamisha picha moja iliyosafishwa kando ya skrini iliyofungua faili ileile. Nikashusha mwangaza wa skrini kidogo kidogo mpaka viwili vikafanana. Mwangaza ulisimama kwenye kama theluthi moja. Nikaweka alama ya kalamu kwenye karatasi, nikazima ule ulinzi wa macho wa jioni, na tangu hapo sikufanya kazi ya rangi usiku. Wenye uwezo wana kifaa cha kupimia skrini kinachobandikwa juu ya kioo chake. Mimi picha ya shilingi 600 ilinitosha.

Sasa niseme juu ya picha ya kisutu, ile kanga ya harusi, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha rangi.

Ni ya harusi ya wazazi wangu, 1976. Mama amekaa barazani amejitanda kisutu, mikono juu ya magoti, hina mpaka kwenye viganja. Lakini kwenye mkebe picha ilikuwa na rangi moja tu. Ngozi ni tofali, ukuta ni tofali, kisutu ni tofali. Picha za rangi za wakati ule zina tabaka tatu za rangi ndani ya karatasi: samawati ya kijani, majenta na njano. Zikikaa miaka mingi kwenye giza na joto, na Tanga joto tunalijua, ile samawati ya kijani ndiyo inayochujuka mapema. Kazi yake ilikuwa kuzuia wekundu. Ikiondoka, wekundu unabaki huru, hata kivulini. Picha nyingine iliyotundikwa ukutani, iliyokula jua miaka, kwetu ilikwenda kinyume, ikawa ya samawati. Kwa hiyo usichukue marekebisho ya picha moja ukayamwaga kwenye zote.

Mara ya kwanza, ule usiku wa skrini ya manjano, nilipunguza wekundu kwa picha nzima. Ikawa kijivu cha mtu mgonjwa. Njia yenyewe ni kufungua histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza liko wapi na mwanga uko wapi, na kuutazama kwa kila chaneli peke yake: nyekundu, kijani, samawati. Kipimo kinakwenda 0 hadi 255. Kwenye picha ya kisutu, kijani ilianza karibu na 30, samawati karibu na 40. Nyekundu ilianza 90. Maana yake hapakuwa na mahali popote pasipo na wekundu, hata ndani ya mlango uliofunguliwa nyuma ya mama. Nikaivuta alama ya weusi, yaani pale panapohesabiwa giza tupu, ya chaneli nyekundu mpaka 86, pale kilima kinapoanza kuinuka, kijani 26, samawati 35.

Picha ilifunguka mbele ya macho yangu. Mlango ukawa giza. Miti ya nyuma ikawa na ukijani ambao sikujua umo.

Kilichobaki ni unjano kwenye sehemu nyeupe. Hapo nikasimama, maana nitajuaje ni kiasi gani? Ndipo nikakumbuka sanduku. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na kipande kimoja cha kisutu kile mama hakukivaa tena. Kilikuwa chini kabisa kimekunjwa, kinanukia udi. Kisutu kina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Fikiria bahati hiyo: ndani ya picha nina weusi wa kujua, weupe wa kujua na wekundu wa kujua, na kitambaa chenyewe ninacho mkononi. Nikakitandika mezani kando ya skrini, saa nne asubuhi. Chaneli ya samawati ilikuwa inaishia 210 upande wa mwanga, nikaleta alama ya weupe mpaka 212. Weupe wa kisutu ukatakata. Wekundu ukaja wenyewe. Sikugusa kipimo cha kukoleza rangi hata kidogo, na nakuonya usikimbilie hicho. Chaneli zikikaa sawa rangi zinakolea zenyewe, zisipokaa sawa unakoleza kosa.

Tofauti ya mwanga na giza nilimalizia kwa ule mstari unaopindwa. Watu hupenda kuupinda kama S kubwa mpaka picha inapiga kelele. Pinda kidogo, kisha angalia sehemu mbili tu: mikunjo ya nguo nyeupe kabisa na nywele au buibui. Moja ikipotea umezidisha. Na usikae na picha moja zaidi ya dakika kumi. Jicho linazoea haraka. Ukiachwa na picha ya kijani kwa nusu saa utaapa ni nyeupe. Mimi nilikuwa naamka nakwenda kugeuza mboga, nikirudi naona kosa kabla sijakaa.

Ngozi ilinipa kazi kuliko nguo. Filamu na karatasi za miaka ile hazikutengenezwa zikitufikiria sisi. Kodak walikuwa wakizipa studio kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na studio iliyorekebisha mashine yake kwa sura ile iliridhika. Ndiyo maana mama kando ya kanzu ya baba anazama. Ukiinua mwangaza wa picha nzima ili umwone, kanzu inaungua. Nilichora mpaka laini kuzunguka uso wake, kingo zikififia polepole, nikainua sehemu za giza za pale tu, kidogo, mpaka macho na mstari wa taya vikaonekana. Kidogo kweli. Uso ukiinuliwa mno unaelea kama umebandikwa. Ukiwa na shaka, tumia kidude cha kudondolea rangi uguse shavu: kwa ngozi zetu, tarakimu ya nyekundu huwa juu, kijani katikati, samawati chini. Kijani ikikaribia kuifikia nyekundu, mtu wako anaumwa nyongo.

Nilipata pia ujanja wa kupima kwa bei ya picha moja. Nilikata nyuso sita kutoka picha sita tofauti nikazipanga kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6. Shilingi 600, picha sita zimepimwa. Zilizonipita nilizipanga tena, nyepesi kidogo, nzito kidogo. Vipimo vyote kwa miezi ile vilinigharimu kama shilingi 20,000, nami nilishatupa 216,000 kwa kutotaka kungoja dakika kumi.

Jambo jingine dogo: siku moja picha zilitoka zimefubaa ingawa kwenye skrini zilikolea. Mpwa wangu alikuwa ameniwekea wigo wa rangi wa Adobe RGB, akisema ni wa kitaalamu. Mashine nyingi za studio zinasubiri sRGB, wigo wa kawaida. Hifadhi sRGB, yaishe.

Za rangi nyeusi na nyeupe nilizidharau, nikidhani hazina rangi za kurekebisha. Kuna moja ya baba, Korogwe 1964, kingo zake za mawimbi, amevaa kanzu, koti na tarbushi, na madoa ya kahawia yamemtapakaa kifuani. Niliiskani kwa rangi ingawa haina rangi, na huko ndiko kulikokuwa na dawa. Doa la kahawia au njano linaonekana sana kwenye chaneli ya samawati, lakini kwenye nyekundu karibu linatoweka. Nikachukua chaneli nyekundu peke yake, nikatupa nyingine mbili. Madoa yaliyokuwa yafutwe kwa siku mbili yakabaki matatu. Lakini zikisafishwa kwenye karatasi ya rangi, picha hizi hutoka na ukijani kidogo, au upinki, kutegemea siku. Nilizipaka uhudhurungi hafifu mimi mwenyewe, kwa makusudi, na baada ya hapo mashine ikiyumba kidogo hakuna anayegundua.

Katikati ya kazi mdogo wetu wa mwisho alichoka kunisubiri. Alichukua picha kumi akazipitisha kwenye programu ya simu inayosafisha sura kwa sekunde mbili, akazituma kwenye kundi la familia. Ndugu wote wakashangilia. Mimi nikajiona mjinga. Zilikuwa kali, kope moja moja, ngozi nyororo.

Nilizipeleka hizo pamoja na zangu Pangani kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa barazani siku ile.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Akaanza na za mdogo wangu. Akaitazama moja kwa muda, akaigeuza nyuma kama anatafuta jina.

"Huyu nani?"

"Mama, mama mkubwa. Siku ya Idi."

"Mama yako alikuwa na mwanya. Huyu hana."

Nikakuza kwenye simu. Kweli. Programu ile iliona pengo kati ya meno mawili ya mbele, ikaliziba. Mwanya ambao baba alikuwa akimtania nao mpaka uzeeni. Na sisi watoto wake sita, kwenye kundi, tulikuwa tumeweka mioyo na makofi, hakuna aliyeona.

Nikampa za kwangu. Alizipitia polepole, akisema majina ya watu na nguo. Gauni moja nililoliacha la kijani akasema lilikuwa la samawati, alilishona yeye, nikaandika. Alipofika kwenye kisutu alinyanyuka, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nilingoja sifa.

"Kisutu ndicho," akasema. "Lakini umeifanya saa sita mchana."

"Vipi?"

"Tulipiga hii baada ya alasiri, magharibi iko karibu. Jua lilikuwa linaingia barazani mpaka kwenye magoti yake. Yule mpiga picha alitungojesha mpaka jasho likanitiririka shingoni."

Nilikaa nayo kwenye basi njia nzima kurudi Tanga. Kivuli cha nguzo ya baraza kilikuwa kirefu, kimelala ukutani; nilikuwa nimekitazama miezi mitano bila kukisoma. Sehemu ya unjano niliouondoa ilikuwa uzee wa karatasi, na sehemu ilikuwa jua la siku ile. Kitambaa cha mezani kwangu kilikuwa cheupe kwa mwanga wa saa nne asubuhi, cha barazani kilikuwa cheupe kwa mwanga wa jioni.

Nikaifungua tena faili. Alama ya weupe ya samawati nikairudisha kutoka 212 hadi 225, nikaiacha hapo. Nikatoa moja ya kupima, kisha sita za ndugu, na ya nane ya mama mkubwa. Ameiweka ndani ya mkebe, juu ya ile ya rangi ya tofali.